Mwanzo Laini na Dereva: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Umeme

Kazi ya istilahi si kulivisha neno la kigeni kanzu ya Kiswahili, bali ni kuipa dhana jina litakalomwongoza mtumiaji. Kwa kipimo hicho twazichunguza hapa istilahi tatu zihusuzo vigeuzi vya umeme vya swichi, vifaa vilivyomo katika chaja za simu, kompyuta na mitambo ya umeme wa jua.

Ndani ya kigeuzi cha namna hii, transista hufunguka na kujifunga maelfu ya mara kwa sekunde. Kinapowashwa, kapasita za upande wa kutolea umeme huwa tupu. Zikijazwa kwa pupa, mkondo mkubwa hupita na waweza kuunguza transista au kukata fyuzi. Kwa hiyo kidhibiti hupandisha volteji hatua kwa hatua, mara nyingi kwa milisekunde chache tu. Tendo hilo ndilo linaloitwa "mwanzo laini".

Jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, "laini" husifu zaidi hali ya kitu kuliko mwendo wake, ilhali dhana yenyewe ni ya mwendo. Pili, kwa fundi wa umeme "laini" ni njia ya waya pia; basi aweza kudhani kwamba anaelekezwa mahali laini inapoanzia. Kiswahili hakina upungufu hapa: "uanzaji taratibu" waeleza jambo lenyewe.

Istilahi ya pili ni "dereva", yaani kile kifaa kinachopokea ishara dhaifu ya kidhibiti na kulipa lango la transista nguvu ya kutosha. Dereva tumjuaye huamua njia; kifaa hiki hakiamui lolote, hutii tu. Fundi aliyepotoshwa na sitiari hiyo atakilaumu kwa makosa ya kidhibiti. "Kiendeshi" nalo limekwishashika kazi nyingine katika kompyuta. Twapendekeza "kiendesha-lango", jina linalotaja kinachoendeshwa.

Ya tatu ni "ulinganifu", iliyokusudiwa kueleza jinsi vifaa vinavyofaa kutumika pamoja. Lakini vitu huweza kulingana visifaane. Transista nyingi za nguvu huhitaji volti 10 hivi langoni; zikipewa 5 huenda zisifunguke sawasawa, zikapata joto na kuungua.

Hata wakati una sehemu yake. Viendesha-lango vingi havifanyi kazi mpaka volteji inayovilisha ifikie kiwango maalumu. Kidhibiti kikianza kuhesabu uanzaji taratibu kabla ya hapo, muda huo waweza kwisha kiendesha-lango kikingali kimelala. Kikiamka hukuta amri kamili, na kapasita hujazwa kwa pupa kana kwamba hapakuwa na tahadhari yoyote. Kila kifaa ni kizima. Kilichoharibika ni ndoa yao. Ndiyo maana twachagua "uoanifu", kutokana na kuoana.

Yaweza kusemwa kwamba mafundi wamekwishazoea "dereva". Mazoea yastahili heshima, na neno hilo litaendelea kusikika karakanani. Lakini kitabu cha mafunzo kina dhamana nyingine: mwanafunzi hutafuta hitilafu kwa kufuata maneno aliyofundishwa. Neno likimpeleka kwenye kifaa kizima, atabadilisha kisichoharibika na kuiacha hitilafu mahali pake. Twawaomba walimu wa ufundi wazijaribu istilahi hizi madarasani kabla hazijasanifishwa.