Saa Nne, Hewa Inapojaa

Saa nne asubuhi hewa ya Tanga huwa imejaa. Nasema imejaa kama wavuvi wanavyosema maji yamejaa. Kwenye kioo kidogo kilichotundikwa sebuleni kwangu kuna mstari wa mgandamizo wa hewa. Mstari huo hupanda tangu alfajiri, ukafika kileleni kwenye saa nne, kisha ukaanza kuteremka. Saa kumi alasiri uko chini. Baada ya magharibi unapanda tena, saa nne usiku umejaa, saa kumi alfajiri umekupwa. Kati ya juu na chini kuna kama hektopaskali 3 tu, kiasi ambacho mwili wa mtu haukihisi. Lakini ni kila siku, kiangazi na masika.

Sisi tuliozaliwa karibu na maji hatuhitaji maelezo marefu hapo. Bahari humfuata mwezi, na kwa kuwa mwezi huchelewa, maji nayo huchelewa kama dakika 50 kila siku. Hewa hufuata jua. Miale hupasha moto mvuke wa maji na ozoni iliyo juu sana, na joto hilo hulisukasuka anga zima mara mbili kwa siku kama maji katika ndoo iliyobebwa kichwani. Jua halichelewi, kwa hiyo saa za hewa hazihami. Nilikuwa mtu mzima, nimeshajua bamvua na maji mafu tangu utotoni, ndipo nikatambua kwamba tunaishi chini ya bahari ya pili, nayo inajaa na kupwa. Aliyenionyesha ni kituo cha hali ya hewa cha nyumbani, kile kisicho na waya, ambacho nimekaa nacho sasa mwaka wa tano. Nataka kuusifu ufundi wa kukitumia, maana wengi hudhani hakuna ufundi humo: unanunua, unafunga, unasoma.

Chombo chenyewe kina sehemu mbili. Nje, juu ya mlingoti, kuna vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, kishale kinachoonyesha upepo unatoka wapi, faneli ya mvua, na kijumba cheupe cha sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambamo hukaa kipimajoto na kipimo cha unyevu. Paneli ndogo ya sola husaidia betri. Ndani kuna kioo. Vihisi vya nje hutuma habari kwa mawimbi ya redio kila baada ya sekunde chache, na kioo hupokea. Kipimo cha mgandamizo kimo ndani ya kioo chenyewe, sebuleni, kwa sababu uzito wa hewa hauzuiwi na mlango wala dirisha. Hata ukifunga nyumba yote, anga limeshaingia.

Kazi inaanzia kwenye kuchagua mahali, na mimi nilianza kwa kukosea. Nilifunga mlingoti kwenye ukingo wa paa, kwa kuwa ndipo ngazi ilipofika kwa urahisi. Wiki mbili nzima za Februari kipimajoto kilinipa nyuzi 37 na 38 kila mchana, nami nikawa nawaambia watu kwamba joto la mwaka huo halijapata kuonekana. Nilikuwa napima bati. Bati likichomwa na jua hupasha hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikipita kwenye kijumba changu cheupe. Nilipokishusha nikakiweka uwanjani juu ya majani, kimo cha kifua, joto la mchana likasomeka nyuzi 32 na 33. Nilirudi kwa kila mtu niliyemwambia habari za nyuzi 38, nikazifuta.

Kijumba hicho cheupe kina asili inayonipendeza. Kimetokana na kile cha mbao chenye mianya alichokibuni Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskoti katika karne ya 19, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kujenga minara ya taa. Ni mtu wa baharini aliyefikiria namna ya kupima joto la hewa bila kulipima jua. Kanuni zilizobaki hadi leo ni za aina hiyo. Kipimajoto kinataka kimo cha kati ya mita 1.25 na mita 2, kivulini, upepo ukipita. Kipimo cha upepo kinataka mita 10, pande zote zikiwa wazi. Kipimo cha mvua kinataka kuwa mbali na miti na kuta, angalau mara mbili ya kimo cha miti na kuta hizo.

Sasa chukua uwanja wa nyumba ya mjini wenye mwembe mmoja na ukuta wa jirani, na mlingoti mmoja wa kubebea vyote vitatu. Haiwezekani. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Unaamua kipi utakitimizia haki yake na kipi utakivumilia, kisha unaandika ulichoamua, ili miaka ijayo usije ukadhani upepo wa Tanga umepungua kumbe mwembe umekua. Mimi nilichagua mvua. Kasi ya upepo wangu najua inasoma chini ya ukweli, na sijawahi kumtajia mtu bila kumwambia hivyo.

Nilichagua mvua kwa kuwa ndiyo inayolisha. Chini ya faneli kuna vijiko viwili pacha vilivyokaa kama pembea. Maji hujaza kimoja. Kikipata uzito wake kinainama, kinamwaga, na mwenzake anakuja chini ya tone. Kila kuinama ni sehemu ndogo ya milimita; sumaku hupita mbele ya swichi, na redio inahesabu. Mvua ikija kwa kishindo, matone machache hupotea kijiko kikiwa kinageuka, kwa hiyo hesabu hupungua kidogo. Buibui nao hupenda humo. Uzi mmoja tu unaweza kukwamisha kijiko, na kioo kikaonyesha sifuri huku wewe umelowa. Kila mwanzo wa mwezi nafungua faneli, naondoa majani na kinyesi cha ndege, nafuta vijiko kwa kitambaa laini, nakagua kama mlingoti bado umesimama wima. Hatua chache pembeni nimeweka kopo lenye kuta zilizonyooka. Baada ya mvua natumbukiza rula. Kopo halina redio wala betri, na ndilo shahidi wangu: vikitofautiana sana, nakichunguza kwanza chombo cha bei.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Tangu hesabu hii iliponikaa kichwani, sitazami paa kama zamani. Paa langu lina mita 90 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo watu huipita wakisema imenyesha kidogo, humwaga juu yake lita 1,800. Nusu ya majirani zangu hununua maji ya madumu wiki hiyohiyo.

Dada yangu analima mahindi Muheza, na kila Machi hunipigia simu na swali lilelile: "Kaka, nipande?" Hili si swali dogo. Akipanda kwenye mvua ya kwanza kisha jua likawaka siku kumi, mbegu imeoza au imekauka, na pesa yake imekwenda. Wataalamu wa eneo letu wana vipimo vya kuamua kama msimu umeanza. Kimojawapo hutafuta angalau milimita 20 katika siku tatu, pasipo kufuatiwa upesi na ukame wa wiki nzima. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa humwambia kuhusu hizo siku zinazokuja. Lakini kilichoanguka shambani kwake hakuna ajuaye isipokuwa aliyekipima pale. Mvua zetu nyingi ni za wingu moja lililosimama peke yake. Kijiji hiki kimelowa, cha pili kinatimua vumbi. Kipimo changu cha Tanga hakimsaidii kitu, na nilimwambia hivyo. Nilimpelekea kipimo cha plastiki cha bei nafuu, cha kusoma kwa macho, akakifunga kwenye nguzo katikati ya shamba. Sasa tunapoongea namba zinatoka kwake. "Kumi na mbili jana, tisa leo. Nangoja ya kesho."

Jirani yangu ni mzee aliyevua kwa ngalawa karibu maisha yake yote. Mlingoti ulipohamia uwanjani alikuja kuutazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kinakwambia nini?"

Nikamwonyesha kwamba usiku kucha kishale kilielekea magharibi, na sasa, saa tatu na nusu, kinatangatanga.

"Umande huo unakufa," akasema. "Ngoja matlai."

Haikufika saa tano, kishale kikawa kimegeukia mashariki na vikombe vinakimbia. Nilikuwa nimesoma kwamba usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, hewa yake nzito ikatambaa kuelekea majini, na mchana mambo yakageuka. Yeye alikuwa na majina ya pepo hizo mbili, na alikuwa na saa zake. Tangu siku ile tunalinganisha. Miezi ya kusi kishale huanza asubuhi upande wa kusini-magharibi, mchana kikahamia kusini-mashariki. Miezi ya kaskazi kinakaa upande wa pili wa duara. Mwaka wa pili, mnamo Novemba, namba zangu zilionyesha siku tatu mfululizo upepo ukitoka kaskazini-mashariki, nikamwambia kaskazi imeingia. "Hii ni tangambili, mwanangu," akanijibu. "Usiiandike bado." Siku ya tano upepo ukarudi kusi. Nimejifunza kwake jambo ambalo kioo hakina mahali pa kuliandika: upepo unaojaribu na upepo ulioingia ni pepo mbili.

Kioo nacho kina neno ambalo huku lazima ulisahihishe. Pembeni ya namba kuna picha: jua, wingu, wingu lenye matone. Picha hizo hubadilika kwa kufuata mgandamizo, kanuni iliyotoka nchi za mbali na ikweta, ambako mgandamizo unaweza kushuka hektopaskali 20 na zaidi katika siku moja kabla ya dhoruba. Kwetu, wingu la masika linaweza kumwaga milimita 60 bila mstari kuonyesha zaidi ya kujaa na kupwa kwake kwa kila siku. Mgeni wa chombo huona mstari ukishuka kuanzia saa nne akaanua nguo. Mwenyeji hulinganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana, basi. Siku mbili hizo zikitofautiana sana, hapo kuna habari. Vimbunga ni nadra kwenye pwani yetu, lakini vipo: 1872 kimoja kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, 1952 kingine kikaipiga Lindi, na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Ndiyo sababu nataka kuijua sura ya kawaida ya mstari kama ninavyoijua sauti ya mlango wangu.

Kupima hali ya hewa ni kazi ya kale. Korea, mwaka 1441, katika enzi za mfalme Sejong, walibuni kipimo cha mvua, kisha vipimo hivyo vikasambazwa hadi wilayani ili kila mahali mvua ipimwe kwa namna moja. Wazee wetu wa pwani walihesabu mwaka wa siku 365 kuanzia nairuzi, siku ya mwaka mpya, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi, wajue lini kupanda na lini kusafiri. Kule Makunduchi, Unguja, bado wanaoga mwaka huo. Kazi hii si ngeni kwetu, ila daftari ndilo tulilolikosa. Kumbukumbu ya mtu hutunza mvua iliyobomoa ukuta, ikasahau zile kumi na tisa za milimita tatu tatu, kisha tukakaa barazani tukabishana kama masika ya zamani yalikuwa makubwa kuliko haya.

Kioo hutunza namba zake chenyewe, na programu ya simu huzichora vizuri. Hata hivyo kila saa tatu asubuhi naandika kwa kalamu: mvua ya saa 24 zilizopita, joto la juu na la chini, upepo ulitoka wapi, na mstari mmoja wa nilichokiona kwa macho. Mwembe umetoa maua. Chura wamelia usiku. Umande umechelewa kufa. Daftari la nne limefika katikati.

Usingoje kununua kituo. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke leo mahali pa wazi mbali na mti na ukuta, liegemeze kwa mawe lisipeperushwe. Asubuhi pima kwa rula, mwaga, andika tarehe. Ikiwa halina kitu, andika sifuri. Sifuri nayo ni mvua iliyopimwa.