Nusu ya Habari ya Ukombozi

Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, kimesomwa sana shuleni, nacho chastahili kusomwa. Lugha yake ni laini, na uchungu wa waliotekwa umesimuliwa na mwana wa mmoja wao. Ila lake ni sifa anazomiminiwa Mwingereza. Msomaji akiishia hapo atadhani kwamba Mzungu hakuwa na jingine katika biashara hiyo ila kuokoa.

Na tutazame visiwa. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Morisi na Reunion. Uingereza iliipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, kisha ikaiteka Morisi mwaka 1810. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa wenye mashamba waliendelea kuletewa watu kwa magendo kutoka Bukini na pwani yetu, chini ya bendera ya dola ile ile iliyotunga sheria.

Mkataba wa Moresby wa mwaka 1822 husifiwa kupita kiasi. Ulimkataza Seyyid Said kuwauzia Wakristo watumwa; biashara ya Waislamu wenyewe kwa wenyewe ndani ya milki yake uliiacha. Soko la nje lilipobanwa, watu wengi zaidi walibakizwa Unguja na Pemba kupanda mikarafuu. Jambo hili la mikarafuu lafaa kufundishwa kuliko majina ya manahodha.

Wafaransa nao walifuta utumwa Reunion mwaka 1848, kisha mawakala wao wakarudi Kilwa kununua watu na kuwaita vibarua wa mkataba. Jina lilibadilika, mnunuzi, njia na shamba vilikuwa vile vile. Mwaka 1857 Wareno waliikamata pwani ya Msumbiji merikebu Charles et Georges, iliyokuwa na watu zaidi ya mia moja wa kupelekwa Reunion. Mwaka uliofuata Ufaransa ilituma manowari Lisbon. Ureno ikairudisha merikebu na kulipa fidia. Fidia hiyo haikuwa ya waliotekwa.

Waokoaji je? Kuanzia mwaka 1861 manowari za Kiingereza ziliwashusha Shelisheli watu waliotwaliwa majahazini, na wengi wao wakagawiwa wenye mashamba kwa mikataba ya kazi. Nao waliitwa huru, kama wale wa Freretown anaowasimulia Mbotela.