Adili ya Kasi

Miongoni mwa sanaa zinazostahili sifa na ambazo hazijapata wa kuzisifu, ipo moja iliyofanya maskani yake Isiolo, katika yadi za mafundi zilizo kandokando ya barabara kuu, nayo ni sanaa ya kulivua gari la kale giaboksi lililozaliwa nayo na kulivika ya kisasa, inayojibadilisha gia yenyewe na yenye gia ya ziada kwa safari ndefu. Apitaye njia hudhani kuwa hiyo ni kazi ya spana na nguvu za mabega. Lakini aliyekaa akaitazama kwa makini hutambua kwamba ni kazi ya insafu, kwa kuwa kila manufaa yanayoongezwa katika gari huja na deni, na ustadi wa fundi hupimwa kwa madeni anayoyalipa kabla mwenye gari hajajua kwamba yapo.

Isiolo ni lango la kaskazini. Hapa njia zipandazo kutoka Meru na Nanyuki huachana kwenda Marsabit na Moyale, Garba Tulla na Wajir, na hapa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wameuziana mifugo tangu enzi za babu zao. Kwa miaka mingi chombo kilichoaminika katika njia hizo kilikuwa Land Rover, gari lililodhihirishwa kwa walimwengu mjini Amsterdam mwaka 1948, ambalo maafisa wa mifugo, askari, wamisionari na wachuuzi walilitegemea kama riziki. Liliumbwa kwa ajili ya mchanga na mawe: gia nne tu, ya juu kabisa ikiuzungusha mhimili utokao giaboksi sawasawa na injini, na difu yenye uwiano wa 4.7, karimu wa nguvu na bahili wa mwendo. Wakati safari ya Moyale ilipokuwa vumbi na makorongo, hakuna aliyeona upungufu katika tabia hiyo. Lakini lami ilipokamilika baina ya mwaka 2010 na 2020, na kilomita zipatazo 500 zikatandikwa hadi mpaka wa Ethiopia, mzee huyo alifikwa na fedheha asiyoistahili. Kwani akitakiwa kwenda kilomita 100 kwa saa, injini yake hupita mizunguko 3,000 kwa dakika, ikalia saa nzima, ikanywa mafuta na kuchakaa kabla ya wakati wake.

Dawa ya maradhi hayo ni gia ambayo uwiano wake uko chini ya moja. Uwiano ukiwa 0.75, injini izungukapo mara 3,000, mhimili utokao giaboksi huzunguka mara 4,000, na kwa mwendo uleule wa gari injini hupumzishwa kwa robo ya mizunguko yake. Waingereza waliliona hilo zamani, na kampuni ya Fairey ilitengeneza kifaa cha kuiongezea Land Rover gia ya namna hiyo bila ya kuitoa giaboksi yake. Mafundi wa leo wamepata hazina kubwa zaidi katika Toyota Surf na Prado zilizotumika Japani, ambazo injini zake za dizeli huhamishiwa Land Rover pamoja na giaboksi za jamii ya A340, iliyoanza mwaka 1985. Humo mahali pa klachi ya kukanyagwa pana konveta, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, ambamo panga lizungushwalo na injini huyasukuma mafuta, nayo yakalizungusha panga la pili liendalo kwenye gia. Na mwendo ukisha kutulia, konveta hujifunga ili nguvu isipotee bure. Tangu General Motors walipoitia Hydra-Matic katika Oldsmobile za mwaka 1940, wanadamu wamekuwa wakiinyoosha fikira ya giaboksi inayojibadilisha yenyewe, na matunda ya juhudi za nusu karne hushushwa Isiolo juu ya pikipiki ya mizigo, yakiwa yamefungwa kwa kamba na kupakwa grisi.

Hapo ndipo ustadi huanza, na deni la kwanza ni maungio. Difu za Land Rover ya kale hazikukaa katikati, zimeegemea upande wa kulia. Kwa hiyo fundi sharti achague ama kuibakiza transfa ya asili, kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kuiunga na giaboksi ngeni kwa sahani iliyokerezwa, ama kupanga upya mstari mzima wa propela, yaani mihimili iendayo kwenye difu. Sahani hiyo ikipotoka kwa unene wa unywele, mihimili miwili haitakabiliana sawasawa, na beringi za maungio hayo zitasagika. Kisha uko waya mwembamba utokao kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye giaboksi, unaoijulisha mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani: ukilegea, shinikizo la mafuta hupungua, na vibamba vya klachi vya ndani huteleza hadi vikaungua. Nimeona mafundi wakiusogeza waya huo kwa robo ya mzunguko wa nati, wakaliendesha gari, wakarudi, wakausogeza tena, na subira ile nilihesabu kuwa ni ibada ya kazi.

Deni la pili ni joto. Kutoka Isiolo kwenda Timau barabara hupanda zaidi ya mita 1,000, na katika mlima huo konveta huteleza na kuyachemsha mafuta, ambayo yakizidi nyuzi 100 kwa muda mrefu hupoteza ulaini wake. Fundi mwadilifu huyafungia mafuta hayo rejeta yao wenyewe, mbele penye upepo, japokuwa mwenye gari hakuomba na huenda akanung'unika bei. Deni la tatu ni kushuka mlima uleule. Giaboksi ya aina hii hailizuii gari kama ile ya zamani, na breki za Land Rover ya kale ni ngoma nne zilizopimwa kwa mwendo wa zama zake. Basi dereva hufundishwa kuizima gia ya ziada kwa kitufe chake na kushuka kwa gia ya pili, na breki hutengenezwa kabla ya ufunguo kukabidhiwa.

Wapo wasemao kwamba gari la kale liachwe kama lilivyoumbwa. Neno lao lina staha, na gari lililo zima kabisa, lisilo na safari za kulisumbua, ni amana ya historia isiyofaa kuguswa. Walakini Land Rover nyingi za kaskazini zingali zinabeba watu na dawa na mbuzi, na kuzinyima mwendo wa barabara mpya ni kuzipeleka kwa wanunua vyuma chakavu. Hatari iko upande wa pili, kwa wale watakao kasi peke yake. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kazi yote ya fundi huyu ni kukiona kidonda mapema, kukitibu, na kumwambia mwenye gari kweli, hata kumhimiza apeleke gari kwa wakaguzi ili injini ngeni iandikwe katika hati zake kama sheria itakavyo.

Kwa hayo nawaombea mafundi hao heshima ipewayo wajenzi wa majahazi na maseremala wa milango. Vipimo vyao, unene wa sahani, mkao wa transfa, urefu wa propela, aghalabu hukaa vichwani mwao na huzikwa pamoja nao. Vyuo vya ufundi vya kaskazini vingewaalika wazee hao wafundishe, na vijana wakaviandika vipimo hivyo daftarini, elimu iliyopatikana kwa jasho ingewafikia watakaozaliwa, wakaanza pale wazee wao walipofika.