KALILA WA DIMNA: KISA CHA KUBUNI MBELE YA MIZANI YA SHARIA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wako walimu wetu wasiopenda hadithi za wanyama zisimuliwe madrasa. Hoja yao ni fupi: simba hasemi, basi anayedai kuwa simba kasema amesema uongo. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani uongo ni haramu. Lakini kabla ya kukihukumu kitabu ni lazima kukisoma, na kitabu kinachofaa zaidi kwa suala hili ni Kalila wa Dimna.

Asili yake ni India, katika visa vya Kisanskriti viitwavyo Panchatantra. Tabibu Burzoy alivitia katika Kipahlavi zama za Mfalme Anushirwan wa Uajemi (531–579). Kisha, katika karne ya 2 Hijria, Abdullah bin al-Muqaffa', Mwajemi aliyesilimu, akavitia katika Kiarabu. Kutoka Kiarabu vilifika Hispania, vikatafsiriwa kwa Kikastilia mwaka 1251.

Kisa kikuu ni cha fitina. Mbweha Dimna anamwonea wivu fahali Shatraba, rafiki wa mfalme simba. Anakwenda kwa huyu, anakwenda kwa yule, hadi simba anamuua rafiki yake kwa maneno ya mtu mmoja. Katika masimulizi ya Kihindi mambo yanaishia hapo: mfitini anabaki na cheo chake, na mfalme anatulizwa.

Masimulizi ya Kiarabu hayakukubali mwisho huo. Yana mlango mzima wa kesi ya Dimna, ambao wataalamu wengi wanaona uliongezwa na Ibn al-Muqaffa' mwenyewe. Mlango huu ni mrefu, na hotuba zake huchosha. Hata hivyo ndio moyo wa kitabu. Dimna anajitetea kwa ufasaha: anataka ushahidi, anasema dhana si hukumu. Msomaji anajua kuwa ni mkosa, na bado anaona kuwa maneno yake ni ya haki! Hauawi mpaka chui aliyemsikia akiri, na mnyama mwingine aliyemsikia gerezani naye ashuhudie. Huyu wa pili alipoulizwa kwa nini alikaa kimya, alijibu kuwa ushahidi wa mmoja hauthibitishi hukumu.

Ndugu msomaji, linganisha. Fahali asiye na kosa aliuawa bila kuulizwa. Mwongo alisikilizwa hadi mwisho. Ni sawa na kusoma sherehe ya Suratul Hujurat aya ya 6, inayotuamrisha tuchunguze habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga.

Visa hivi vilifika pwani yetu pia. Katika hadithi za Unguja zilizochapishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1870 kimo kisa cha punda wa dobi. Mamba wa India, ambaye kwa Ibn al-Muqaffa' ni kobe, huku amekuwa papa. Mbweha amekuwa sungura. Lakini fundisho halikubadilika: punda aliyeponea chupuchupu kwa simba akarudi tena hakuwa na moyo wala masikio. Wengine husimulia habari za kima na papa tu, wakamwacha punda. Hilo ni kosa, kwani kima anafundisha ujanja, na punda anafundisha mazingatio. Msikilizaji aliyehifadhi Suratul A'raf aya ya 179, juu ya wenye nyoyo wasiofahamu kwazo na masikio wasiyosikia kwayo, ataelewa mara moja.

Tukirudi kwenye hukumu: al-Hariri wa Basra (aliyefariki 516 H), katika dibaji ya Maqamat zake, alijitetea kwa kutaja visa vya wanyama, kwamba havikukataliwa. Ibn al-Khashshab (aliyefariki 567 H) alimpinga: wanyama hawamdanganyi mtu, kwa kuwa kila mmoja anajua hawasemi; lakini binadamu wa kubuni anaweza kudhaniwa ni wa kweli. Basi hata mkosoaji huyu mkali hakuwa na ugomvi na simba anayesema. Uongo ni kumfanya msikilizaji aamini lisilokuwa, na hapa hakuna aliyeaminishwa.

Mpaka unabaki palepale: asizuliwe Mtume (S.A.W.), wala kisa kisipewe isnadi. Imamu anayemtaja Dimna kwenye mimbari aseme wazi kuwa ni mfano, kisha asiishie kwenye kifo cha fahali. Afike mpaka kwa mashahidi wawili, maana misikiti yetu haikosi akina Dimna, na mara nyingi sisi ndio simba.

Wallahu a'lam.