Kaburi kama Matini: Mipaka ya Usomaji wa Nasaba Karatu na Ngorongoro

Utafiti wa nasaba unaoanzia makaburini hutegemea dhana ambayo hauihoji: kwamba jiwe la kaburi huandikwa, na kwamba kilichoandikwa kinatosha. Makala haya yanadai kuwa dhana hiyo, ikitumiwa Karatu na Ngorongoro, huwanyima ukoo watu walio nao.

Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro umesimama mnara wa mawe wa Michael Grzimek, aliyefariki katika ajali ya ndege Januari 10, 1959, akiwa na umri wa miaka 24. Majivu ya baba yake, Bernhard, aliyefariki mwaka 1987, yalizikwa papo hapo. Msomaji hupata jina, tarehe na sababu ya kukumbukwa. Ndani ya kreta yamo makaburi ya wazee wa Wadatoga, walioondolewa katika nyanda hizo na Wamaasai karne ya 19. Hayo hayana hata herufi moja. Je, hayasomeki?

Yanasomeka, ila matini yake imegawanyika. Mzee wa heshima wa Kidatoga hujengewa bung'ed, tuta refu juu ya kaburi lake, katika sherehe inayochukua miezi kadhaa. Ndugu na wakwe wana nafasi zao katika kazi hiyo. Kwa hiyo ujenzi wenyewe ni tamko la nasaba. Tuta ni nusu ya matini. Nusu ya pili imo katika masimulizi na nyimbo za ukoo.

Kaburi la saruji la Karatu nalo lisiaminiwe upesi. Majina matatu, yaani la marehemu, la baba na la babu, hutoa vizazi vitatu kwa mstari mmoja, lakini ni vya upande wa kuumeni pekee: mama na bibi hawamo. Mwaka wa kuzaliwa wa mzee aliyezaliwa kabla ya usajili kuenea mara nyingi ni makadirio ya familia. Tena, maandishi ya Kiswahili juu ya kaburi la Mwiraqw hayana budi kuulizwa ni istilahi zipi za ukoo za Kiiraqw zilizoachwa nje.

Suala hili si la nadharia tu. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wakazi wa Ngorongoro wamehamia Msomera, wilayani Handeni. Makaburi hayahami. Jiwe lenye maandishi laweza kusomwa na mgeni yeyote. Kaburi lisiloandikwa hupoteza msomaji wake siku msimulizi anapoondoka. Mtafiti wa nasaba, basi, aanze na msimulizi: amrekodi kando ya kaburi, kwa lugha yake, kabla ya kutafsiri. Asipofanya hivyo, ataandika kuwa hapakuwa na kumbukumbu, ilhali kilichokosekana ni usomaji.