Twiga Inamjua, Bajaji Haiijui

Karani wa kuhesabu magari kando ya barabara hana vifaa vingi: kiti, karatasi yenye safu, na kalamu. Ikipita Noah anachora kijiti kwenye safu yake. Vijiti vikifika vinne, cha tano kinavikata kwa mshazari, fungu limefungwa, anaanza jingine. Basi lina safu yake, Fuso ina yake, semi ina yake, pikipiki nazo zina yao. Kwa kawaida hesabu huendeshwa siku 7 mfululizo, ili siku ya mnada isibaki nje. Ni njia nzuri kuliko inavyosifiwa. Tatizo lake ni kwamba karani ana macho mawili tu, na saa nane mchana, jua likiwa kali, macho hayo hayamtumikii kama saa moja asubuhi.

Kiti chake sasa kinanyemelewa na kamera. Nitaifungua kazi ya kamera hiyo kipande kwa kipande, na ili maelezo yasielee hewani nitaiweka kwenye barabara moja: Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8 za lami zilizozinduliwa Januari 2017. Inatoka makao makuu ya mkoa wa Simiyu na kuikuta barabara kuu ya Mwanza na Musoma kando ya Ziwa Victoria. Ukifika hapo, lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti haliko mbali, na ni huko hifadhini ambako ufundi huu umepimwa vizuri.

Mwaka 1958 watafiti wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo waliyoipaka milia ya punda, wakahesabu wanyama kwa macho. Nyumbu wakawa 99,481. Iangalie namba hiyo: haina makadirio, haina "takriban", imefika hadi mnyama wa mwisho. Mwaka 1961 watafiti wengine walipopiga picha kutoka angani na kuzihesabu baadaye mezani, wakapata zaidi ya maradufu. Nyumbu hazaliani kwa kasi hiyo. Sehemu ya tofauti ilitokana na namna ya kuhesabu: jicho lililo ndani ya ndege inayokimbia hulipita kundi mara moja tu, lakini picha inasubiri, unairudia mara kumi.

Gharama ya picha ikawa ni kuzihesabu. Hesabu moja ya nyumbu wanaohama huleta mamia na maelfu ya picha, na mtaalamu huketi nazo kwa wiki kadhaa akiweka nukta juu ya kila mgongo. Ndipo Colin Torney na wenzake walipochukua picha za hesabu ya mwaka 2015, wakazipeleka kwa makundi matatu: wataalamu, watu wa kujitolea kupitia mtandao, na programu iitwayo YOLO. Matokeo waliyochapisha mwaka 2019 yalionyesha kuwa jumla ya programu na jumla ya watu wa kujitolea zote zilikuja karibu na ile ya wataalamu. Tofauti ilikuwa kasi: programu ilikuwa ikimaliza mamia ya picha kwa saa moja. Ukiichukua picha moja moja utaikuta imemwona nyumbu kwenye kichaka na kumkosa mwingine aliyejibanza. Makosa ya kuzidisha na ya kupunguza yakafidiana, jumla ikasimama.

Lakini upande mwingine wa Serengeti hiyohiyo kuna takwimu isiyopendeza. Mradi wa Snapshot Serengeti ulisambaza kamera 225 zinazojifyatua mnyama anapopita. Mwaka 2018 Mohammad Sadegh Norouzzadeh na wenzake waliifundisha kompyuta kwa picha milioni 3.2 za kamera hizo, zenye aina 48 za wanyama. Kumtaja mnyama ni nani, kompyuta ilipatia kwa zaidi ya asilimia 93. Kusema wako wangapi, ilipatia sawasawa kwa asilimia 63 hivi tu. Kutambua ni kazi moja, kuhesabu ni nyingine, na anayekuuzia mfumo wa kamera mara nyingi hukutajia ile ya kwanza.

Haya, twende barabarani. Kamera imefungwa juu ya nguzo, inatazama lami, inatoa fremu 25 kila sekunde. Kazi ina hatua tatu.

Ya kwanza ni kuona. Kila fremu inapitishwa kwenye programu ya aina ya YOLO, nayo inachora kisanduku kuzunguka kila kitu inachokitambua na kukipa jina pamoja na kiwango cha uhakika: pikipiki, asilimia 88, mtu, asilimia 71. Programu haikumbuki chochote. Fremu inayofuata ni ulimwengu mpya kwake, kwa hiyo ukiishia hapa pikipiki moja iliyoonekana kwa sekunde nne itahesabiwa mara mia.

Ya pili ni kufuata. Kila kisanduku kinapewa namba. Tuseme bodaboda yetu ni namba 14. Kwa mwendo wake wa fremu zilizopita, programu inakisia itakuwa wapi kwenye fremu ijayo. Hesabu ya kukisia huko ni ya Rudolf Kálmán, ya mwaka 1960, ileile iliyosaidia kuongoza vyombo vya kwenda mwezini. Kisha inalinganisha makisio na visanduku vipya: kinacholaliana zaidi na makisio ya namba 14 ndicho namba 14. Sasa msimu wa pamba umefunguliwa, Fuso iliyorundikwa marobota hadi juu inaipita bodaboda na kuiziba. Fremu kumi, kumi na tano, namba 14 haionekani. Programu inasubiri kidogo, inakata tamaa, inaifuta. Fuso inapita, bodaboda ileile inachomoza upande wa pili na kuandikishwa upya: namba 15.

Ndiyo maana hatua ya tatu ipo. Huhesabu namba zilizotolewa. Unachora mstari wa kufikirika kukatiza barabara na kuhesabu zinazoukata. Namba 14 ikipotea kabla ya mstari na 15 ikaukata, hesabu ni moja, sahihi. Ikipotea juu ya mstari wenyewe, imekwenda na maji. Kwa hiyo mahali pa kuuweka mstari ni nusu ya ufundi wote, na hapo ndipo nimeona watu wakikosea kwa haraka ya kumaliza kazi: wanauchora pembeni mwa picha, ambako visanduku vinaanza kukatika, au karibu na kituo ambako magari husimama na kusogea mbele na nyuma. Uchorwe katikati, gari likiwa limeonekana zima kwa muda. Na kamera ipandishwe juu. Kamera iliyofungwa usawa wa dirisha la duka itaona Fuso na kivuli chake; iliyo mita sita au nane juu itaona na bodaboda iliyo nyuma.

Hapo nimeongea kana kwamba programu inajua bodaboda ni nini. Inajua pikipiki. Programu nyingi za bure za aina hii zimefundishwa kwa mkusanyiko wa picha uitwao COCO, uliotolewa mwaka 2014, wenye aina 80 za vitu. Twiga yumo. Tembo yumo, na pundamilia. Ubao wa kuteleza kwenye theluji umo, na kibaniko cha mkate. Bajaji haimo. Guta halimo. Punda hayumo, mbuzi hayumo, mkokoteni haumo. Maana yake ni kwamba ukiichukua programu kama ilivyo na kuiweka Bariadi mjini, itamsubiri twiga kwa uhakika kabisa, na bajaji ikipita itaiita gari, fremu ijayo pikipiki, fremu ya tatu lori dogo, huku punda akigeuka farasi au ng'ombe.

Dawa inajulikana na haina uchawi: kusanya picha za barabara yako, mtu akae achore visanduku kwa mkono na kuandika "bajaji", "guta", "mkokoteni", halafu programu ifundishwe tena juu ya ilichokijua. Mchoraji huyo anapaswa awe mtu wa hapo. Anayekaa mbali ataikuta picha ya baiskeli iliyofungwa magunia mawili ya mkaa, na hatajua kama ni baiskeli, ni mzigo, au ni nini.

Kuna na suala la mshikaki. Bodaboda iliyobeba abiria wawili inatoa visanduku vinne: pikipiki moja na watu watatu. Kama umeiagiza programu ihesabu waenda kwa miguu, itakuandikia watatu, wakiwa wanakimbia kilomita 60 kwa saa. Kanuni ya kuongeza ni ndogo: kisanduku cha mtu kikilaliana na cha pikipiki na vikaenda pamoja, huyo ni dereva au abiria. Bila mistari hiyo michache ya programu, ripoti nzima ya usalama wa watembea kwa miguu ni porojo.

Je, makosa haya yana uzito sawa? Kwa mhandisi wa barabara, hapana. Majaribio makubwa ya AASHO yaliyofanyika Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hupanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli yenye mzigo maradufu huumiza barabara mara 16 hivi. Ukizikosa bodaboda mia, unene wa lami utakaopangwa haubadiliki. Ukiyaita malori kumi ya ekseli nyingi "daladala", umeiua barabara mezani kabla mkandarasi hajafika. Kwa hiyo nikiletewa mfumo na kuambiwa una usahihi wa asilimia 95, swali langu ni moja: hizo 5 zilizobaki ni zipi? Na kamera haioni uzito. Fuso tupu na Fuso yenye marobota ni kisanduku kilekile. Kazi hiyo ni ya mizani.

Hesabu ya magari pia ina majira. Pamba ya Simiyu hununuliwa kuanzia mwezi Mei na malori hujaa miezi inayofuata, kisha barabara hupumua. Wiki moja ya Julai ikizidishwa kwa 52 inatoa mwaka usiokuwepo. Hapa kamera inamshinda karani waziwazi, maana inaweza kukaa mwaka mzima bila posho, mradi sola iwe na betri ya kutosha na mtu wa kufuta vumbi kwenye kioo.

Kwa watu, mambo yanageuka. Viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya Bariadi, vilipokea Nanenane ya kitaifa miaka ya 2018 hadi 2020. Langoni, njia ya mstari inafaa: kamera ikitazama chini moja kwa moja kutoka juu, vichwa havizibani, anayeingia anaongezwa, anayetoka anatolewa. Ndani, mbele ya jukwaa, mstari hauna maana na visanduku havina maana. Watu wamebanana, unaona vichwa nusu nusu. Victor Lempitsky na Andrew Zisserman wa Oxford walipendekeza mwaka 2010 kuachana na kumtafuta mtu mmoja mmoja: kompyuta ijifunze kukadiria msongamano wa kila kipande cha picha, kisha vipande vijumlishwe. Watafiti wa IBM jijini Nairobi walielekea upande huohuo katika mradi wa Twende-Twende, mwaka 2014 hivi, kwa sababu kamera za mtaani walizozitumia zilikuwa na picha hafifu. Gari moja moja halikufuatika, lakini kiasi cha msongamano kilisomeka, na kwa dereva anayetaka kujua aende njia ipi, hicho kilitosha.

Ila usifananishe namba ya lango na namba ya sensa, kama nilivyosikia ikifanywa. Sensa ya Agosti 23, 2022 iliwakuta Simiyu watu 2,140,497, kila mmoja akihesabiwa mara moja, alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Lango humhesabu mama lishe anayetoka kununua kuni na kurudi kila anapopita. Ili limtambue kuwa ni yuleyule, lingebidi lihifadhi sura yake, na hapo tumeshatoka kwenye kuhesabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamgusa kila anayekusanya picha za namna hiyo. Njia safi ni kifaa kidogo kifanye hesabu palepale kwenye nguzo, video ifutwe, utumwe kwenye simu mstari mmoja wa namba kila dakika 15. Hata bando linapona. Joseph Redmon, aliyeianzisha YOLO, alitangaza mwaka 2020 kuwa ameacha utafiti wa macho ya kompyuta kwa sababu ya matumizi ya kijeshi na faragha za watu.

Baada ya yote hayo mrudishe karani kwenye kiti, saa mbili au tatu, asubuhi na usiku, karatasi yake ilinganishwe na ya kamera safu kwa safu. Usiku ndio utakaotoa kasoro, taa za mbele zikiwa zimeunguza picha nzima. Na mchana uwasubiri hawa: ng'ombe wanne, mkokoteni wa viroba vya mahindi, kijana mmoja mbele akiongoza, mwingine amekaa juu na fimbo. Programu itakuletea ng'ombe wanne na watu wawili. Kwa karani ni kijiti kimoja.