Neno Moja kwa Kila Korosho

Msimu wa korosho hapa Mtama, mpwa wangu huwahi shambani kabla jua halijakaza. Huokota bibo lililodondoka, hulishika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia huinyonga korosho mpaka iachie. Tangu aanze kujifunza Kihispania, kila korosho inayoingia ndooni huingia na neno lake: agua, camino, mañana. Maneno ya siku ni kumi tu, yameandikwa kwenye kipande cha daftari alichokifunga pindoni mwa khanga.

"Mjomba, lile la njia limenipotea."

"Usifungue pindo. Okota tano nyingine kwanza."

Ya nne haijaingia ndooni, akapaza sauti: "Camino!"

Huo ndio ufundi ninaousifu. Kulisoma neno mara ishirini ni kazi nyepesi, na faida yake ni nyepesi vilevile. Kulitafuta kichwani likiwa limeanza kufifia, ukahangaika nalo mpaka ukalipata mwenyewe, ndiko kunakolikaza. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: kusahau huenda mbio saa za mwanzo, kisha hupunguza mwendo, na marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yale ya mkupuo mmoja. Walimu wa madrasa za pwani wana desturi hiyo siku nyingi. Mtoto hupewa aya chache, na kesho yake huzisoma bila kuangalia msahafu kabla ya kuongezwa nyingine.

Tena huzisoma kwa sauti. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa lugha wanapojinyima, wakalikodolea daftari macho midomo imefungwa, ilhali Mswahili ana bahati kubwa mbele ya Kihispania. Vokali zake ni tano, a, e, i, o, u, na zinakaribiana mno na zetu. Herufi j yao inakaribia kh ya "kheri", basi trabajo, yaani kazi, haimshindi aliyepita madrasa. Shida ipo kwa wale ambao l na r huwapishana mdomoni tangu utotoni. Pelo ni nywele, pero ni lakini, perro, yenye r ya kutetemesha ulimi, ni mbwa. Jioni mpwa wangu humkalisha mdogo wake barazani, akampa mgongo, akayataja matatu hayo bila mpangilio. Mdogo akisikia pelo hushika nywele, akisikia pero hunyamaza, akisikia perro hubweka. Wiki ya kwanza mbwa hakusikika kabisa. Sasa anabweka panapostahili.

Ninachomsihi zaidi ni kwamba asikipitishe Kihispania kwenye Kiingereza kwanza. Kwa nini azunguke? Sisi husema kitabu kizuri, vitabu vizuri. Wao husema libro bueno, libros buenos: jina mbele, sifa nyuma, na sifa hufuata jina lake hata katika wingi. Sisi husema ninasema, unasema, bila kulazimika kutaja mimi wala wewe. Wao husema hablo, hablas. Tofauti ni kwamba nafsi kwetu inakaa mwanzoni mwa kitenzi, kwao mwishoni. Hata maneno mengine ni ndugu, kwa kuwa Waarabu waliotawala sehemu za Hispania kuanzia mwaka 711 waliacha lugha yao huko, kama biashara ya bahari ilivyoiacha kwetu. Azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, azafrán ni zafarani. Hasta mañana ni hadi kesho, na hasta hiyo imetoka kwenye neno lilelile la Kiarabu lililotupa hata.

Maneno peke yake hayatoshi, lazima yaingie kwenye masimulizi. Edward Steere, Mwingereza wa misheni aliyefika Unguja mwaka 1864, aliketi na wenyeji wakamsimulia hadithi, akaziandika walivyozisema. Zikatoka kitabuni mwaka 1870. Kwa mfano huo, kila Jumapili mpwa wangu hunisimulia kisa kizima cha sungura na fisi kwa Kihispania, kwa maneno yoyote aliyonayo. Akikwama huonyesha kwa mikono, akaendelea. Simkatizi. Makosa tunayarudia baadaye, mawili au matatu tu.

Anapochoka, mimi humkumbusha habari za Freddy Ilanga. Mwaka 1965, mwanamapinduzi Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo kwa jina la Tatu, kijana huyo wa Kikongo aliwekwa kumfundisha Kiswahili. Baadaye alipelekwa Kuba, akajifunza Kihispania, akasoma udaktari na kuishi huko miongo kadhaa.

Ukipita Mtama msimu huu ukasikia sauti ya binti chini ya mkorosho ikisema buenos días, tafadhali mwitikie, hata kama Kihispania chako ni hicho tu. Anahitaji wa kumjibu.